Tanuri la Oili Linapogoma

Mtu anayetoka Posta ya Zamani akafuata barabara ya Sokoine mpaka Stesheni, kisha akaingia Gerezani kwa miguu, hulakiwa na mlio wa nyundo kabla hajaiona karakana yoyote. Na akizidi kwenda upande wa Kariakoo atawakuta mafundi wa kila namna, wafuao makarai na majiko, wachomeleao mageti, na miongoni mwao wale wanaoyeyusha pistoni chakavu na masufuria mabovu ili wayasubu upya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hao wa mwisho, nao wahusu tanuri linalowashwa kwa oili chafu ya gereji, ambalo leo huwaka kwa bashasha na kesho likagoma, likafuka moshi, likakohoa, au likanguruma saa nzima pasipo kuyeyusha kilo mbili za alumini.

Nitangulize rai yangu, ili msomaji asiye na wasaa aondoke nayo: tanuri halina mkosi wala kinyongo, na aghalabu ila yake haimo katika moto bali katika mambo yaliyoutangulia moto, yaani katika pipa, katika bomba na katika upepo. Fundi anayekimbilia koki mara tu aonapo moshi huwa ameufuta ushahidi kabla hajausoma. Basi anza mwanzo wa njia uende nayo mpaka mwisho, kutoka pipani hadi mdomo wa tanuri, ukibadili jambo moja tu na kuliacha tanuri kiasi cha dakika kumi lijibu kabla hujagusa jingine; kwani anayefungua koki, akaongeza upepo na kusogeza kifuniko kwa pigo moja, hata akifaulu hatajua ni lipi lililomfaa, na juma lijalo atakuwa palepale alipokuwa.

Pipani ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo penye lawama nyingi na ndipo pasipotazamwa. Oili ya gereji si mafuta matupu. Ndani yake mna maji, kwa kuwa katika gereji nyingi oili ya injini na maji ya rejeta humwagwa katika beseni moja. Mna petroli au dizeli iliyopenya kwenye pistoni. Mna unga wa chuma, masizi, vipande vya gasketi na mchanga wa mtaani. Katika hayo yote maji ndiyo adui mkubwa, maana ni mazito kuliko oili na hutuama chini, mahali hasa ambapo fundi wa pipa hupenda kutoboa tundu la kutolea mafuta. Tone la maji likifika penye moto hugeuka mvuke kwa ghafula, likatanuka zaidi ya mara 1,600 ya ujazo wake, likausukuma mwali na kuuzima. Mara oili hurudi, moto ukashika tena kwa mshindo, na watu wa karakana husema tanuri linakohoa.

Kuyatambua maji hayo hakuhitaji maabara. Twaa kikaango kikuukuu au kipande cha chuma kipana, kipashe juu ya jiko la mkaa mpaka tone la maji safi likiangushwa juu yake licharuke na kukimbia huku na huku. Kiache kikauke, kisha udondoshe tone moja la oili uliyoichota chini kabisa ya pipa. Oili kavu hutandaa kimya ikafuka moshi mwembamba, na oili yenye maji hutoa mapovu na kutatarika kama kitunguu kilichotiwa kikaangoni. Jaribio hili lifanywe mbali na pipa lenyewe, nawe umevaa miwani ya kazi, na tone liwe tone kweli, si kijiko. Kisha rudia kwa oili uliyoichota katikati ya pipa, upate kujua maji yamefika kimo gani.

Dawa yake ni subira pamoja na tundu lililowekwa mahali pake. Tumia mapipa mawili, moja likitoa mafuta ya kazi na la pili likituama juma zima bila kutikiswa, mahali panapopigwa na jua lakini pasipofikiwa na cheche, kwa maana oili yenye joto huachana na maji upesi kuliko oili iliyopoa. Tundu la kutolea mafuta liwe vidole vinne juu ya kitako, na chini kabisa pawe na koki ya pili, ndogo, ya kutolea maji na mashapo kila asubuhi kabla ya kuwasha. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiliache pipa limesimama wazi mvuani hata kama vizibo vyake vimekazwa: maji hutuama juu ya bati la pipa, na usiku, pipa linapopoa na hewa ya ndani kusinyaa, maji hayo hunyonywa kupitia uzi wa kizibo pasipo mtu kuona. Laza pipa, au lifunike kwa bati lililoinama.

Kizibo kilichokazwa sana nacho kina balaa lake, na balaa hili huwahangaisha hata mafundi wenye umri. Tanuri huwaka vizuri, na baada ya nusu saa hivi moto hupungua kidogokidogo. Fundi hufungua koki zaidi, moto ukapata nafuu ya kitambo, kisha ukapungua tena. Chujio likifunguliwa ni safi, bomba nalo ni safi. Kumbe pipa limekosa pumzi: oili imetoka na hewa haikuingia kushika mahali pake, hata mvuto wa ndani umeizuia oili iliyobaki. Legeza kizibo cha juu usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mlio mwembamba na moto ukachangamka papo hapo, umekwisha kupata ugonjwa wako. Chomelea kijibomba chembamba juu ya pipa tupu lililooshwa vizuri na kujazwa maji karibu lote, maana pipa lenye mvuke wa mafuta likiguswa na moto wa kuchomelea hupasuka likaua, kisha ukipinde kijibomba hicho kitazame chini, mvua isiingie. Asiye na yakini na pipa lake na alinunue lililokwisha kuwekwa uzi wa pili, asijitie katika hatari kwa ajili ya tundu moja.

Kuna kupungua kwa namna nyingine, ambako husababishwa na kimo cha oili. Pipa linalotiririsha kwa uzito wake huisukuma oili kwa nguvu likiwa limejaa na kwa unyonge likikaribia kwisha, hivyo koki uliyoirekebisha asubuhi haitakuwa sahihi alasiri, ijapokuwa hakuna aliyeigusa. Aliyechoka kuifuata koki kutwa na aweke baina ya pipa na tanuri kichombo kidogo cha chuma chenye boya la shaba la kufungia, la aina ile itumikayo katika matangi ya maji na kupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo. Kimo cha oili ndani ya kichombo hicho hakitabadilika pipa liwe limejaa au limebaki robo.

Mwisho wa habari ya pipa ni uzito wa oili yenyewe. Asubuhi za Juni na Julai, kusi ivumapo na baridi ya usiku ikashuka chini ya nyuzi 20, oili iliyotiririka vyema mwezi Februari hugeuka nzito, ikatoka kwa mafundo badala ya uzi. Oili ya namba 40 ikitolewa katika joto la nyuzi 40 na kufikishwa nyuzi 100, wepesi wake wa kutiririka huzidi takriban mara kumi. Kwa hiyo kuipasha kidogo kabla ya kufika motoni kuna faida kubwa kuliko kuipanua koki. Zungushia ukuta wa nje wa tanuri bomba la shaba mizunguko miwili au mitatu, lisiguse mwali, mpaka oili itokayo iwe ya moto kiasi cha mkono kutostahimili kulishika bomba kwa muda, isizidi hapo. Koki iwe kabla ya mizunguko hiyo, na baada yake pasiwe na koki nyingine, kwani oili iliyofungiwa pande mbili na kupashwa hutanuka na kupasua bomba. Ukitaka kuipunguza uzito, dizeli kidogo yafaa. Petroli usiithubutu, na oili inayonuka petroli waziwazi mrudishie aliyekuuzia. Mafuta ya transfoma nayo yakatae hata ukipewa bure, maana ya transfoma za zamani huweza kuwa na sumu aina ya PCB, ambayo moto wa karakana hauiteketezi sawasawa bali huizidishia ubaya, mbali na swali la hayo mafuta yalitoka wapi.

Katika bomba hakuna mengi. Oili ichujwe mara mbili, kwanza kwa kitambaa inapotiwa pipani, kisha kwa wavu wa waya ulio karibu na koki na unaofunguka bila kubomoa mtambo mzima. Ncha ya bomba, pale oili inapodondokea katika njia ya upepo, huota kaa gumu jeusi linalopotosha tone, nalo huota si wakati wa kazi bali baada yake: fundi hufunga oili na feni kwa pamoja akaenda nyumbani, na joto la matofali likarudi nyuma kuikaanga oili iliyosalia katika ncha. Funga oili kwanza, iache feni izunguke dakika kumi au kumi na tano zaidi, na ncha yako itakaa safi kwa majuma.

Sasa upepo. Wahunzi wa Ufipa, waliojenga matanuri yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu, na kuyeyusha chuma kwa mvuto wa hewa peke yake bila mivukuto, waliujua vizuri mwendo wa hewa ndani ya tanuri. Sisi wenye feni ya umeme ndio tunaousahau, kwa kuwa hauonekani wala haununuliwi. Lita moja ya oili yahitaji takriban mita za ujazo 11 za hewa ili iteketee yote, yaani hewa ya chumba kidogo chenye upana wa mita mbili, urefu wa mita mbili, na dari la juu kidogo. Tanuri linalokula lita sita kwa saa humaliza hewa ya vyumba sita vya namna hiyo, na karakana iliyofungwa milango kwa ajili ya mvua au jirani mlalamishi itaunyima moto hewa, kisha itamnyima fundi vilevile, kwa maana moto uliokosa hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kikiuma na miguu ikalegea, toka nje kwanza, tanuri utalishughulikia baadaye.

Feni yenyewe ikaguliwe kwa mkono na kwa jicho, umeme umezimwa. Vumbi la oili huganda juu ya mapanga yake na kuyapunguzia makali. Hewa ya chumvi itokayo bandarini huyala. Mifuko ya plastiki huvutwa na kuziba mdomo wake. Mkanda, kama upo, ukibonyezwa kwa kidole usilegee kupita nusu inchi au kiasi hicho. Kisha pima umeme huku feni ikizunguka, si imesimama: nguvu inayostahili ni volti 230, nayo katika waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, jioni maduka yote yakiwa yamewasha taa na viyoyozi, huweza kushuka chini sana, na mota ikazunguka kwa uvivu na kupata joto. Mtu hulaumu oili, na kosa ni la waya.

Ipo hila moja ya feni ambayo ni vema ijulikane. Feni ya mota ya fezi tatu, fundi umeme akiunganisha nyaya upya na kupishanisha mbili, huzunguka kinyume. Lakini feni ya aina ya konokono, hata ikizunguka kinyume, huendelea kupuliza kwa mdomo uleule, ila kwa unyonge mno. Anayesimama mbele yake na kuona upepo unatoka hufikiri mambo ni salama. Basi tanuri lililoanza kufuka moshi mweusi mara baada ya matengenezo ya umeme, tazama mshale uliochorwa juu ya gamba la feni, izime, na uangalie mapanga yanapokaribia kusimama yanakwenda upande gani. Kubadilisha nyaya mbili ni kazi ya robo saa, ila afanye mwenye leseni.

Upepo wa Mungu nao una neno lake. Karakana yenye uwazi upande mmoja tu hupata kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi katikati ya mwaka, na tanuri lililokaa kwa adabu Januari huweza kuanza kurudisha moto nyuma ifikapo Julai, kwa sababu upepo unauziba mdomo wake. Bati moja lililosimamishwa upande utokako upepo hutosha kulituliza.

Ukishamaliza hayo ndipo uusome moto, tena uusome ukiwa umesimama kando wala hukuinama juu ya mdomo. Moto ulio sawa huonyesha ndimi fupi zinazochungulia nje ya kifuniko, rangi yake ya machungwa, bila moshi, na mngurumo wake ni mmoja usiopanda na kushuka. Moshi mweusi ni dalili ya oili kuushinda upepo: punguza oili, wala usikimbilie kuongeza feni, maana tanuri lenye moshi huwa linakula mafuta yasiyo na kazi. Moto ulioshindwa na upepo hunguruma sana, huyumba na kujitenga na bomba, na ukuta wa upande wa bomba hubaki mweusi huku wa pili ukiwa mwekundu. Hali hii ni ya kawaida saa ya kuwasha, tanuri likiwa bado baridi, na ndiyo sababu ya kuanza kwa kuni au mkaa na upepo mdogo mpaka matofali yawe mekundu, ndipo uifungulie oili kwa uzi mwembamba.

Moshi mweupe mzito, wenye harufu ya oili mbichi, ndio wa kuogopa. Maana yake mwali umezimika na oili yaendelea kudondoka juu ya matofali ya moto, ikigeuka mvuke unaojaa tanurini na kungoja cheche. Funga oili, iache feni, rudi nyuma hatua kadhaa, na usubiri moshi ukatike wote. Usitupie kijinga cha moto ndani yake kwa kutaka kuwahi. Wengi waliounguzwa nyusi na nyuso waliunguzwa katika dakika hiyo moja ya haraka.

Umeme ukikatika kazini, mambo ni yaleyale kwa upande mwingine: feni husimama, oili haisimami. Kwa hiyo koki ya kufungia iwe mahali ambapo mtu aweza kuifikia gizani bila kupita mbele ya tanuri, na kila kijana wa karakana, hata aliyeajiriwa jana, aelekezwe kwamba taa zikizimika jambo la kwanza ni koki. Mwenye uwezo na anunue koki ya umeme inayojifunga yenyewe nguvu ikikatika, aiunganishe pamoja na feni. Bei yake ni nafuu kuliko paa jipya.

Wenye mitambo ya kiwandani, yenye pampu, nozeli na jicho la kuuona mwali, mathalani waokaji mikate, wana njia fupi zaidi, kwa kuwa mitambo hiyo haitaki oili chafu bali dizeli au mafuta ya taa kama fundi wake alivyoagiza. Ikijizima yenyewe mara tu baada ya kuwaka, futa jicho, maana masizi yamelipofusha. Isipowaka kabisa na dizeli ipo, tazama chujio, kisha nozeli, kisha ncha za cheche, ambazo nafasi baina yake huwa ya milimita chache na hupotoka kwa kuguswa. Nozeli iliyoziba haichokonolewi kwa waya, hubadilishwa. Na kitufe chekundu cha kuanzisha upya usikibonyeze zaidi ya mara moja au mbili, kwani kila ukibonyeza pampu humimina mafuta mapya ndani, na siku cheche itakapokubali yatawaka yote pamoja.

Yapo matanuri yasiyokohoa wala kufuka, yawakayo vizuri kabisa, ila hayayeyushi. Hapa hesabu ndogo itakufungua macho. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660, na kilo moja yake, kutoka baridi hadi kuwa tayari kumiminwa, yahitaji joto dogo kiasi kwamba lita moja ya oili, lau joto lake lote lingeingia chunguni, ingetosha kilo 30 na zaidi. Ukiona lita yako inakupa kilo tano, jua kuwa sehemu kubwa ya joto uliloligharimia inapasha anga la Gerezani. Inatokea wapi? Kwa kifuniko kilichopasuka au kisichokuwapo. Kwa ukuta ulioliwa mpaka bati la nje likawa jekundu. Kwa chungu kilichokalishwa moja kwa moja juu ya sakafu ya tanuri badala ya kuinuliwa juu ya tofali ili mwali uanzie chini yake. Na kwa bomba la moto lililoelekezwa katikati ya chungu, ambalo hukitoboa upande mmoja na kuuacha wa pili baridi, ilhali lingeingizwa kwa upogo, likiambaa ukuta, mwali ungekizunguka mara kadhaa kabla ya kutoka. Wala fundi asidhani kwamba tanuri limfaalo kwa alumini litamfaa kwa shaba: Sanamu ya Askari iliyosimama pale Posta tangu 1927 ni ya shaba nyeusi, iliyoletwa kutoka Uingereza, na madini ya namna ile hutaka nyuzi karibu 1,000, joto ambalo ukuta wa udongo hafifu hauwezi kulivumilia.

Alumini pia ina tabia ya kumdanganya mtu, maana haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kifanyavyo. Anayengoja rangi hungoja mpaka imeungua na kugeuka taka za kijivu. Na vyuma chakavu vilivyolala nje usiku, pistoni zenye oili na maji katika matundu yake, makopo yaliyofungwa, vyote vipashwe kwanza juu ya kifuniko vikauke kabisa kabla ya kutiwa katika chungu chenye madini ya maji. Maana tone lililozamishwa chini ya alumini hurusha chungu kizima mpaka darini. Kwa sababu hiyohiyo moto wa tanuri hauzimwi kwa maji. Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwe karibu, na namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani kwa chokaa.

Juu ya mahali pa kuwekea tanuri nitasema bila kuficha kwamba halistahili kukaa chini ya nyumba ya ghorofa, wala katika uchochoro ambamo gari la zimamoto haliwezi kupita. Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na aliyekuwapo mjini usiku ule aliona jinsi moto unavyokwenda mahali penye bidhaa nyingi na nafasi finyu. Mapipa ya akiba yasikae karibu na tanuri, yawe nyuma ya ukuta, na pembeni yake pasiwe na mtaro. Mashapo na maji machafu ya pipani yakusanywe katika madumu na kukabidhiwa wanaokusanya oili chafu kwa kibali, yasimwagwe mitaroni yakaishia bonde la Msimbazi.

Ikiwa umeyafuata haya yote, oili ni kavu, upepo ni wa kutosha, mwali wazunguka inavyopasa, na tanuri lingali linachelewesha kazi, basi ukuta umechoka nao uvunjwe. Udongo mweupe wa vilima vya Pugu, safari fupi tu kutoka mjini, hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida wa matofali. Uchanganye na matofali ya moto yaliyopondwa, maji yawe haba, ushindilie kwa unene usiopungua shubiri nusu. Uache kivulini juma zima, au mawili wakati wa mvua. Kisha uwashe mkaa kidogo siku ya kwanza, mwingi kidogo siku ya pili, na siku ya tatu ukishikilia karatasi juu ya mdomo isipolowa kwa mvuke ndipo uifungulie oili, kwa uzi mwembamba, chungu kikiwa nje.